Helikopta ya Baba na Kushoto Kwangu

Chimala, Mbarali,
Mbeya.
21 Julai 2024

Mpendwa wifi yangu Frida,

Hujambo huko Ujerumani? Watoto hawajambo, na kazi ya wodini inakwendaje? Mnasema huko sasa ni kiangazi, lakini kwenye picha uliyotuma nimekuona na sweta, kwa hiyo usinidanganye.

Sisi ni wazima. Tunaanika mpunga, vumbi limejaa hadi kwenye vikombe. Kaka yako Amos yuko safarini na lori kwenda Lubumbashi, na atarudi Mungu akipenda na foleni ya Tunduma ikiruhusu.

Mzigo wako ulifika. Uliposema umemtumia Baba helikopta ya rimoti, nilidhani baridi imekuingia kichwani. Fundi aliyezeeka chini ya malori, unamtumia kitu cha kuchezea! Nimeyafuta maneno yangu. Kwanza, kwenye boksi hamkuwa na helikopta. Mlikuwa na vifuko vya skrubu, vyuma vyembamba, mota, mapanga kama ya feni na kijitabu cha Kiingereza. Baba alivimwaga vyote juu ya meza, akakaa akivipapasa kimoja kimoja. Kisha nikasikia anapiga mluzi. Tangu Mama afariki sikuwahi kumsikia akipiga mluzi.

Wifi, nikueleze hali tuliyokuwa nayo, maana kwenye simu nilishindwa kwa kuwa Baba husikia. Unajua desturi yetu Wanyakyusa, mke wa mwana haonani na baba mkwe uso kwa uso. Wengi wameiacha, kanisani wanapeana mikono kabisa. Baba hakuiacha, nami sikuthubutu kuwa wa kwanza. Basi tangu tumtoe Tukuyu aje kwetu, akitaka kupita anakohoa, nami natoka kwa mlango wa jikoni. Chakula naweka mezani, nakwenda zangu koridoni, nakaribisha nikiwa nyuma ya pazia.

Mwisho akamwambia Amos kwamba amenifanya mgeni ndani ya nyumba yangu, na kwamba mavuno yakiisha atarudi Tukuyu akae peke yake. Na macho yale! Vitu vya karibu havioni hata kwa miwani. Niliogopa sana, Frida. Nilimwona kichwani mwangu ameanguka shambani na hakuna wa kumwinua. Lakini sikujua namna ya kumsihi mtu ambaye sijawahi kumtazama usoni.

Helikopta ndiyo ilituweka pamoja, yeye sebuleni, mimi koridoni. Nilikuwa nasoma kijitabu na kutafsiri kwa sauti, yeye anafunga. Mikono yake haijasahau kazi, skrubu anazitambua kwa kuzipapasa. Mahali palipohitaji macho, niliinua pazia kidogo, usawa wa meza, nikaona helikopta na vidole vyake tu.

Tukafika kwenye jairo. Hicho ni kidude kinachozuia mkia usizunguke hovyo, na kina swichi ya kuchagua upande. Kijitabu kilitaka pua ya helikopta isukumwe kwa mkono, kisha mtu atazame mapanga ya mkia yanajipinda upande gani. Baba haoni kitu kidogo vile. Akauliza, nami nikachungulia na kumjibu, "Kushoto kabisa, Baba." Akaiweka swichi kwa neno langu.

Tukaenda kuijaribu kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, pale mashineni. Nilisimama mbali, upande wa pili, nimejitanda kitenge. Iliinuka kufikia magoti, halafu mkia ukaanza kuzunguka kama pia. Ikapinduka, ikavunja mapanga, ikapeperusha mpunga wa Mama Veronika, na yule mama unamjua mdomo wake. Baba aliokota vipande, akavirudisha kwenye boksi. Jioni nikamsikia akimpigia simu binamu yetu Shedrack, aje na pikapu Jumamosi ampeleke Tukuyu.

Nililia jikoni, sikufichi. Kisha nikakirudia kile kijitabu, nikatazama picha badala ya maneno. Mtu aliyechorwa alikuwa amesimama nyuma ya mkia. Mimi niliitazama helikopta kutoka puani, kwa sababu ya pazia. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake! Nikamweleza Baba kutoka koridoni. Nikasikia anaitoa helikopta kwenye boksi, anaiweka mezani.

"Mama," akasema, "njoo usimame nyuma yangu. Tuitazame wote kwa huku."

Nilipita pazia nimeinamisha kichwa, nikasimama nyuma ya bega lake. Hakugeuka. Nikatazama mkia, nikamwambia ni kulia. Akageuza swichi, tukafunga mapanga ya akiba, na kesho yake, siku ya Jumatano, tukarudi uwanjani. Kumbe sheria ya kurusha hiki kitu ni hiyohiyo kwa anayejifunza, wote mnakaa nyuma ya mkia mnatazama mbele. Iliinuka, ikasimama hewani, imetulia tuli. Sijamwona Baba usoni hadi leo, lakini shingo yake naijua, na ilikuwa inacheka.

Jana Shedrack alikuja na pikapu kama walivyopatana. Begi lilikuwa tayari mlangoni. Nilikuwa jikoni, nikamsikia Baba akisema, "Leo siondoki, mwanangu. Mkia bado haujatulia."

Shedrack akanywa chai, akaenda zake. Mkia ulitulia tangu Jumatano, Frida. Baba anajua, na anajua kwamba mimi najua.

Wasalimie Lusajo na Atupele, waambie mama yao mdogo Tumpe amefaulu mtihani. Mama Veronika naye anakusalimu, ameshasamehe. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe mapanga ya akiba, mengi.

Mungu aliyekutunza ugenini azidi kukufunika, akurudishe siku moja ukiwa na afya.

Mimi wifi yako akupendaye, hata usipopiga simu,
Sekela