Korongo wa Matuta ya Chini

Ain Harir, 2 Septemba 1972

Mdogo wangu Nakhle,

Salamu nyingi kutoka mlimani. Mimi sijambo, isipokuwa goti, nalo tumeshazoeana. Wewe je? Na joto la Khartoum? Unakula chakula cha maana, au bado ni chai na maharage kama ulivyoniandikia wakati wa Pasaka?

Huku tini zimeiva na ndege wameanza kupita. Asubuhi nakaa barazani na kahawa yangu, wala sina haja ya redio. Keremkerem walipita juzi wakipiga kelele kama watoto waliofungiwa shule. Chiriku wamevamia alizeti, nimewaachia. Kalunguyeye wa chini ya mkomamanga ameleta wanawe, wanakuja mpaka mlangoni kunywa maji ya kuku. Najua unacheka. Mjane mzima anakaa kutwa akiwatazama wadudu na ndege wa bustanini. Cheka tu.

Sasa nisikilize. Binamu yetu Tannous anataka matuta ya chini, yale baba aliyokuachia wewe, awinde na rafiki zake wa pwani. Anasema ameshakuandikia. Nakhle, unajua kwamba ukungu ukifunga njia ya mlimani, korongo hushuka kulala pale pale. Mwaka jana wawindaji waliwapigia risasi upande wa pili wa bonde, kwa Saqr. Hata hawakuwala. Walipiga nao picha, wakawatupa gengeni. Mmoja hakufa vizuri, nikamsikia akigonga mdomo huko chini kutwa nzima, na mimi na goti langu siwezi kushuka. Sitaki kusikia sauti ile tena. Mwandikie Tannous hapana. Neno moja tu.

Dada yako,
Muntaha

Khartoum, 17 Septemba 1972

Dada Muntaha,

Barua yako imenikuta mzima, namshukuru Mungu. Vumbi limeingia dukani mpaka ndani ya majora ya vitambaa. Pole na goti. Lifunge kitambaa cha sufu, usijifanye kijana.

Dada, usinikasirikie. Nilimjibu Tannous kabla hujaniandikia. Nimemwambia matuta ni yake kama yalivyo yangu, awinde atakavyo. Ulitaka nifanye nini? Tulijifunza bunduki pamoja pale pale, mimi na yeye, tukiwa na viatu vya kubadilishana. Leo nimnyime kwa ajili ya ndege? Kijiji kitasema Nakhle amekwenda Sudan akajiona mfalme.

Korongo ni wengi. Kila mwaka wanapigwa na kila mwaka wanakuja. Siku wakija wawindaji, funga madirisha, washa hiyo redio usiyoihitaji.

Krismasi nakuja, safari hii kweli. Niwekee zeituni.

Mdogo wako,
Nakhle

Ain Harir, 30 Septemba 1972

Nakhle,

Isome barua hii ukiwa umekaa, na kama kuna mteja dukani mtoe nje. Hujambo? Nakuuliza kwa moyo wangu wote, kwa sababu hapa kijijini umekufa. Nimekuua mimi, Jumatano asubuhi.

Jumanne alasiri ukungu ulishuka ghafla. Nilikuwa naanua nguo, nikasikia mabawa juu ya kichwa, mengi, na hakuna hata sauti moja ya ndege. Walitua kwenye misonobari, kwenye mizeituni, juu ya kuta za mawe, na waliokosa nafasi wakasimama chini kwenye matuta yako. Mlima mzima ukawa mweupe. Sijawahi kuona wengi namna ile, hata tulipokuwa wadogo.

Tannous naye aliwaona. Alikuja mpaka kwenye ua, akasimama akiwatazama muda mrefu, kisha akasema, "Muntaha, kesho usitoke nje mapema. Tutakuwa wengi." Nilimwomba. Nilimwomba mimi, unanijua nilivyo, hata baba sikuwahi kumwomba. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba mwenye shamba amempa ruhusa, akapapasa mfuko wa koti palipokuwa na barua yako.

Nilifikiri niwafukuze kwa kugonga masufuria. Lakini wangekwenda wapi ndani ya ukungu ule? Na alfajiri korongo hawezi kitu. Hainuki mpaka jua lipashe mteremko moto, na jua letu hufika pale saa tatu. Bunduki zingefika saa kumi na mbili. Kati ya saa hizo mbili hapakuwa na mtu ila mimi.

Ndipo nikakumbuka kengele ya kanisa. Ikilia ya msiba, hakuna anayefyatua risasi mpaka siku tatu za rambirambi ziishe. Hata binti wa Saqr aliolewa kimya kimya, bila risasi za shangwe, kwa sababu ya msiba wa bibi mmoja ambaye hakuna aliyempenda. Nilimtafuta wa kufa, Nakhle. Walio hapa wanaonekana kila siku. Wewe ndiye pekee ambaye asingetokea dirishani.

Nilikwenda kwa padri wetu, Abuna Mikhail, kabla hakujapambazuka, nikamwambia, "Abuna, nimepata habari kutoka Khartoum. Nakhle hayupo tena." Hakutaka kuona karatasi. Aliniwekea mkono kichwani, akaenda kushika kamba ya kengele. Nilikuwa nimejiandaa kulia kwa uongo, maana lazima nilie. Haikuhitajika. Yale maneno yalitoka kirahisi mno, na hilo ndilo lililoniliza. Miaka ishirini na mbili nimekutaja kwa jinsi watu wanavyotaja marehemu wao: alipenda hiki, alikaa hapa. Nililia mpaka Abuna akanishika mkono kunirudisha nyumbani.

Magari ya pwani yalikuwa yameshafika chemchemini. Tannous aliingia uani na bunduki begani, akaisimamisha ukutani, akavua mkanda wa risasi, akakaa chini mavumbini kama mtoto. Wengine wakaja mmoja mmoja mikono mitupu. Yeye ndiye mwanamume wa ukoo aliyebaki, kwa hiyo alisimama langoni kupokea rambirambi, macho mekundu. Mimi nilimimina kahawa chungu na kutazama mteremko. Nilisikia bwana mmoja wa pwani akimnong'oneza mwenzake kama mila hii haina namna ya kufupishwa. Jua lilichelewa. Nakuapia sijawahi kulichukia jua kama asubuhi ile.

Halafu mmoja alifungua mabawa, akafuatwa na mwingine, wakaanza kuzunguka juu ya nyumba, wakipanda bila kupiga bawa. Wanaume wote wale walisimama na vikombe mikononi, vichwa juu. Tannous peke yake alisema, si kwa mtu yeyote, "Nakhle angewaona hawa."

Usimwandikie. Usimwandikie mtu yeyote huku.

Dada yako,
Muntaha

Khartoum, 16 Oktoba 1972

Muntaha,

Sina salamu. Mimi mzima, kama ulitaka kujua.

Una wazimu? Kengele ya wafu kwa ajili ya ndege? Umempeleka Abuna, mzee wa watu, kuniombea nikiwa hapa nakata kitambaa cha pazia? Na Tannous umemkalisha mavumbini. Tannous, aliyenibebea sanduku mpaka bandarini siku ile na asilie mbele yangu.

Nitakuambia jambo nililotaka kukushtua nalo. Tiketi nimekata. Ishirini Desemba, Beirut. Nimeilipia tayari na imo mtotoni mwa meza hapa ninapoandika. Sasa nishuke hapo kama nani? Nibishe mlango gani? Watanikimbia, na wakimaliza kukimbia watakutemea mate wewe.

Nenda ukaseme ukweli kabla mambo hayajakomaa.

Nakhle

Ain Harir, 2 Novemba 1972

Mdogo wangu,

Nakusalimu, hata kama hukunisalimu. Baridi imeingia. Yule ndege mdogo wa kifua chekundu amerudi kwenye ukuta wa nyuma, anagombana na kila anayepita, amenikumbusha mtu fulani wa Khartoum.

Tiketi yako nimeisoma mara nyingi. Sikulala vizuri tangu barua ifike, kwa sababu mambo yameshakomaa, Nakhle. Tannous ameweka nadhiri mbele ya altare. Amechonga ubao wa mwaloni kwa mkono wake na kuupigilia kwenye msonobari mkubwa wa matuta yako: Hapa hapigwi ndege, kwa roho ya Nakhle. Watu wa pwani walikuja tena wiki iliyopita, wakati tai walipokuwa wakipita chini chini, akawarudisha barabarani. Wenye bunduki wa hapa wanazungukia mbali. Tangu siku ile sijasikia mlio hata mmoja. Jioni yeye hushuka pale, anakaa, anatazama juu. Tannous!

Sasa unaona nilivyonaswa. Ukifika, ubao unashuka siku hiyo hiyo, na atakuwa na haki ya kuwinda kwa hasira. Usipofika, ndege wana pa kulala, nami sina ndugu. Wiki ijayo ni misa yako ya siku arubaini. Nitavaa nyeusi na kukaa mbele.

Mimi siwezi kuchagua. Nimejaribu. Chagua wewe.

Dada yako,
Muntaha

Khartoum, 20 Novemba 1972

Dada yangu,

Natumai hujambo na goti limetulia. Nisamehe barua ile ya hasira. Mimi mzima, ila usingizi ni mdogo.

Ijumaa duka likiwa limefungwa nilimwomba jirani yangu anipeleke na gari lake mashambani, kusini mwa mji. Miaka yote hii sikuwahi kwenda kutazama. Korongo walikuwepo, Dada. Wanatembea nyuma ya trekta wakiokota panzi, hawana habari na mtu. Nilikaa kwenye kivuli cha gari mpaka jirani akachoka. Nikawaza kwamba wale wamelala shambani kwangu mwaka huu, na mimi sijalala pale tangu nina nywele nyeusi.

Kila Krismasi nimekuahidi na kila Krismasi nimekudanganya. Basi uongo wako umefanya kazi kuliko ahadi zangu. Niache nilivyo. Acha ubao ukae. Tiketi nimeirudisha.

Tannous ukimwona akikaa pale jioni, mpelekee kahawa.

Mdogo wako,
Nakhle

Ain Harir, 10 Desemba 1972

Nakhle,

Sikubali.

Nilikuambia uchague, na ulipochagua niliona kwamba sikuwa nataka uchague hivyo. Nilikuwa naomba uje. Nilikuwa na haya ya kuliandika, sasa nimeliandika.

Jana nilimpelekea Tannous kahawa kama ulivyosema. Alikuwa amekaa chini ya ubao na koti la baba yake. Nikamwambia yote, nimesimama, maana nikikaa sinyanyuki. Nilisema, "Nakhle yu hai. Hakuna habari iliyokuja. Nilidanganya kwa ajili ya korongo." Hakunitukana. Alimaliza kahawa, akaniuliza kama hata siku ya misa ya arubaini nilijua u hai. Nikasema ndiyo. Akauliza kama wewe ulijua. Nikasema baadaye ulijua, na ulikubali kubaki umekufa ili ubao ukae.

Kisha alisimama, akaung'oa ubao kwa mikono, misumari ikabaki mtini, akautia kwapani. Akasema, "Mwambie aje aupigilie mwenyewe. Akiupigilia kwa mkono wake, nitauheshimu mpaka nife. Korongo wakirudi kabla yake, basi yeye ni mtu hai aliyenipa shamba kwa barua, na nitawinda."

Abuna amenizuia komunyo mpaka Pasaka. Wanawake hawanywi kahawa yangu. Hilo nimelitafuta mwenyewe, nalibeba. Lakini korongo wa kwanza huonekana hapa katikati ya Machi. Njoo.

Dada yako,
Muntaha

Ain Harir, 28 Januari 1973

Mdogo wangu Nakhle,

Hujambo? Hujambo kweli?

Sijapata neno lako tangu Novemba. Mtu wa posta akiniona kwa mbali siku hizi anatikisa kichwa kabla sijamuuliza. Theluji imefika mpaka kizingitini, chiriku wanakula mkononi mwangu kwa njaa, nami nawalisha bila kuwaona. Sitaki kufikiri kwamba Mungu alinisikia siku ile kwa Abuna na akalitimiza neno langu.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Nitukane. Tannous naye ameacha kunisalimia, lakini jana alimtuma mkewe aniulize kama nimepata barua.

Andika jina lako tu, inatosha.

Dada yako,
Muntaha

Khartoum, 14 Februari 1973

Dada Muntaha,

Nakhle. Haya, jina langu hilo.

Salamu nyingi sana. Ilikuwa malaria, ile mbaya. Ilinilaza hospitali karibu miezi miwili na barua zako zote mbili zimenikuta nimerudi nyumbani, mwembamba kama mti wa ufagio. Sikufa. Waambie wanawake, pengine watakunywa kahawa.

Duka nimemkabidhi jirani yangu yule mwenye gari. Natua Beirut Jumamosi tarehe tatu Machi. Usije uwanjani na goti lako. Nitapanda basi mpaka chemchemini, kisha nipite katikati ya kijiji kwa miguu mchana kweupe, kila mtu anitazame mpaka ashibe. Sitaingia nyumbani kwanza. Nitashuka moja kwa moja kwenye matuta.

Mwambie Tannous anisubiri hapo na ubao. Wewe tafuta misumari mipya, mirefu, ile ya zamani itakuwa imeliwa na kutu. Nyundo nitashika mimi, lakini mikono bado inatetemeka, kwa hiyo yeye anishikie ubao.

Mdogo wako,
Nakhle