Njia Tatu za Kupandia Mkunya

Jumamosi, 7 Juni 2025

Shule imefungwa jana. Leo naanza rasmi utafiti: njia zote za kupanda uwanda wa Makonde kwa baiskeli, kutokea upande wetu wa Masasi. Jiografia kwa vitendo! Miaka ishirini na mbili nachora nyanda za juu ubaoni kwa chaki — aibu. Baiskeli ni mtumba, gia ishirini na moja, zinazofanya kazi tatu. Kitambi nilikuwa nacho tayari.

Naandika wazi, isije ikasemwa: utafiti huu haumhusu Sabina. Kwamba mke wangu yuko kwa mama yake Mkunya wiki ya saba sasa, na kwamba Mkunya iko huko huko juu, hiyo ni bahati mbaya ya kijiografia.

Mwalimu Rukaiya kaniletea pilau ya Idi. Kaitazama baiskeli, kanitazama mimi, kauliza kama keria yake ina nguvu ya kumrudisha mtu. Nikasema ni baiskeli ya utafiti. Kacheka mpaka kashika mlango. Pilau ilikuwa tamu, nimemsamehe.

Haya, kwa kumbukumbu. Pasaka, hapa kwangu, wageni wamejaa, mimi na kipaza sauti. Nikasema siku namwoa Sabina ilibidi kwanza ashushwe Masasi aoge, maana kwao juu maji ni ya kunywa na ya Krismasi tu. Watu walicheka! Hata mchungaji. Mama mkwe hakucheka. Aliinuka, akaomba pochi yake. Kesho yake Sabina akamfuata. Shemeji Edmund namtania hivyo kila mwaka, naye hunijibu kwamba sisi wa Masasi tunakaa juu ya mawe kama mijusi. Lakini mkwe hataniwi. Najua. Nimekumbushwa na kila mtu, mpaka muuza vocha.

Dawa yake nayo inajulikana. Mume haendi mwenyewe, anamtuma mshenga aliyemposea. Wangu ni Baba Huruma, seremala, mzima wa afya. Nilimwendea Aprili. Akasema nipe neno la kumpelekea mama, nami nitalifikisha. Nikamwambia sina kesi ya kujibu, ule ulikuwa mzaha. Akarudi kwenye randa yake.

Jumatano, 11 Juni

Njia ya kwanza: barabara kuu. Lori la mifuko ya salfa, ile dawa ya mikorosho, limenibeba hadi chini ya mlima. Utafiti haukusema nijiue kwenye tambarare.

Kona ya kwanza nimeendesha. Ya pili nimeendesha huku namtaja Mungu. Kuanzia ya tatu nilikuwa naisindikiza baiskeli. Mzee mmoja kanipita akisukuma yake, kafunga mlango mzima wa mbao kwenye keria. Shikamoo mzee! Marahaba mwanangu, akasema, pumzika, mlima hauna safari. Wala hakupunguza mwendo.

Juu kuna baridi na upepo, ukungu umelala bondeni, na Masasi yote inaonekana na mawe yake. Pazuri. Nakubali, pazuri. Kufika Mkunya zilibaki kilomita nne. Ghafla goti likaanza kuuma! Goti lile lile lililopanda mlima kimya. Nikageuza.

Katika kushuka nimegundua kwamba breki ya nyuma ni pambo.

Jumamosi, 14 Juni

Njia ya pili: ya pikipiki, katikati ya mikorosho. Mchanga mtupu. Na ndio msimu wa kupuliza dawa, kila shamba linanguruma. Nimerudi wa njano kuanzia kope mpaka soksi.

Kwenye shamba la nne nani kama si shemeji Edmund, mashine mgongoni.

"Shemeji! Unakwenda wapi?"

Natafiti njia.

Akasogea, tukazungumza kidogo. Pampu ya maji ya kijiji imekufa wiki ya tatu, wanawake wamerudia kisima cha bondeni kama zamani. Yeye huleta madumu kwa pikipiki, lakini mama yake hayataki, anasema yananuka petroli. Anashuka mwenyewe asubuhi na ndoo yake. Miaka sabini na tatu! Nikasema jamani, mkatazeni. Edmund akauliza mshenga yuko wapi.

Yuko Masasi, anapiga randa.

"Basi sijakuona," akasema. Akavaa barakoa, akawasha mashine. Nilikuwa bado nimesimama mbele yake.

Nikapaza sauti: Sabina hajambo?

"Anauliza nani? Hapa hakuna mtu!"

Jumanne, 17 Juni

Sikwenda popote. Ugali umetoka madonge. Binti yetu Magdalena kapiga simu kutoka chuoni Dodoma: baba, umeshamtuma Baba Huruma? Nikamweleza habari za gia. Akakata.

Nimemkumbuka Sabina. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 19 Juni. Mkunya!

Nimelala, mguu juu ya mito miwili. Daftari limepona, lilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Simu haikupona.

Jana. Njia ya tatu, njia ya maji, ile ya kutoka kisima cha bondeni. Nani kaiita njia? Ni ngazi iliyochimbwa na nyayo za wanawake, inakwenda juu kama ukuta, upana wa mtu mmoja na ndoo yake. Kulia udongo, kushoto hakuna kitu. Baiskeli ikawa begani. Kuna jiwe limelika kwa kukanyagwa mpaka limekuwa laini kama ndani ya kinu. Nilipumzika mara kumi na moja. Ile ya kumi na moja nikakaa kwenye jiwe hilo nikaanza kufikiri. Mkwe wangu alipanda hapa kila siku tangu usichana mpaka mabomba yalipofika, ndoo kichwani, Sabina mgongoni. Mimi nikasimama na kipaza sauti. Niliona aibu. Aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto.

Nikainuka, nikaendelea. Mara nyuma yangu nyayo za mtu. Hahemi, anatembea tu. Nikageuza shingo. Mama Edmund! Mkwe mwenyewe, ndoo kichwani, mikono inaning'inia.

Mkwe akitokea, unatoka njiani, unampa mgongo, unangoja apite. Ndivyo nilivyolelewa. Hakuna aliyenifundisha unatoka kwenda wapi ikiwa njia ina upana wa ndoo. Mwenye akili angebaki palepale. Mimi nikaona nimeshamkosea heshima mara moja mbele ya watu, ya pili sitaiweza. Nikatoka njiani. Kushoto. Na baiskeli.

Hatukwenda mbali. Kichaka cha miiba kilitupokea, mimi chini, baiskeli juu. Kifundo cha mguu kililia ka! — nilikisikia mwenyewe.

Mama Edmund akatua ndoo. Kunigusa hawezi. Kuniita hataki. Akaitazama baiskeli, akasema nayo kwa upole kabisa:

"Baiskeli, mwambie bwana wako asitikise mguu."

Nikaiambia baiskeli: nimesikia.

"Mwambie afumbe macho, mwiba uko karibu."

Nikafumba. Akashuka hatua mbili, akanimwagia maji mguuni kutoka mbali, kidogo kidogo, kama anamwagilia miche. Damu ikatoka, mchanga ukatoka. Nusu ndoo! Baada ya mlima ule! Nikalia. Mguu uliuma, ndiyo, lakini nisiusingizie.

Kisha akapiga ukelele mmoja wa Kimakonde uliofika juu, akakaa kwenye jiwe, mgongo kwangu. Angeweza kwenda zake. Hakwenda. Tulingoja saa nzima, yeye, mimi na baiskeli, mpaka Edmund akaja na wanaume wanne na kitanda cha kamba.

Mganga wa zahanati kasema mfupa umevunjika. Plasta, wiki sita.

Ijumaa, 20 Juni

Sijafika. Kikao cha ukoo kimeamua. Mume hafiki ukweni kumfuata mke bila mshenga, mshenga sina, kwa hiyo sijafika. Nimelala katika stoo ya Edmund ya korosho, nakula mara tatu, nasalimiwa na kuku, lakini sijafika. Majirani wanakuja kuipa pole baiskeli. Mmoja kaiuliza inaendeleaje, nikaitikia kwa niaba yake, akaondoka ameridhika.

Sabina kaleta uji. Kapendeza! Kasuka. Nikasema, Mama Magdalena...

Akasema uji huu ni wa mgonjwa aliyeokotwa mlimani. Mume wangu yuko Masasi, anatafiti.

Na akija, nikasema, mtampokea?

Akakipangusa kijiko kwa upande wa kanga, muda mrefu kuliko kijiko kinavyohitaji. "Mimi nyumba yangu naitaka. Lakini sirudi juu ya machozi ya mama yangu. Yeye kwanza."

Akatoka. Uji una karanga, vile ninavyopenda.

Jumapili, 22 Juni

Baba Huruma yuko nje! Nimekijua kikohozi. Kaja na gari la mpwa wake, na koti juu, katika jua hili. Naandika huku nasikiliza, ukuta ni mwembamba.

Salamu zimechukua robo saa. Wamemaliza mvua, korosho, pampu. Sasa Edmund anauliza: mzee wetu, umetumwa na nani?

Na Mama Magdalena, anasema Baba Huruma. Kanipigia simu Alhamisi.

Sabina! Mimi sikujua.

Sauti ya mkwe, polepole: mke hatumi mshenga. Mshenga hutumwa na mume. Una neno lake?

Baba Huruma: "Sina, mama. Nimekuja na koti tu." Wamecheka wote isipokuwa mmoja.

Mkwe hajamaliza. Anasema gari lisikae bure. Kama mpaka alasiri hakuna neno, mgonjwa apakiwe arudishwe Masasi na baiskeli yake, binti yangu abaki, na mlango huu usibishwe tena.

Sabina kaingia. Kaufunga mlango kwa mguu.

"Umesikia?"

Kwa nini umempigia?

"Kwa sababu wewe ungekaa hapa mpaka plasta iote mizizi! Andika. Nitampelekea Baba Huruma, yeye atasema. Na nakuomba, usichekeshe."

Naandika hapa kwanza.

*Mama, kama mwalimu wa jiografia* — anasoma begani kwangu, anasema futa. Nimefuta.

*Mama, juzi nimeipanda njia ya maji* — anasema njia hiyo anaijua, mweleze asichokijua. Nimefuta.

*Mama, kama nilikukosea siku ile ya Pasaka*

Sabina kaweka kidole juu ya "kama". Kidole kina kovu la kuungua, jipya, silijui limetoka wapi.

Nimelikata. Baba Huruma anakohoa mara ya tatu. Sentensi imebaki fupi, *Mama, nilikukosea siku ile ya Pasaka*, naiona ilivyo, na Sabina bado hajatoa kidole.