Mchezo wa Kumi na Moja

Embu, 3 Agosti 1985

Kwa dada mpendwa Karwirwa,

Ni matumaini yangu u mzima, na Kanana pia, na yule mbuzi wako mwenye tabia za naibu chifu. Mimi sijambo, ila mafua ya huku hayaniachi.

Shule zimefungwa na najua ulitaka nije Kanyakine nikusaidie kuchuma chai. Siji. Nina kazi nyingine. Sisi walimu sita tumewekeana shindano: kila siku ya Agosti, kila mmoja atunge mchezo wa kuigiza wa ukurasa mmoja, mpaka tarehe thelathini na moja. Hakuna zawadi, hakuna mkaguzi, hakuna kurudi nyuma kufuta. Jioni tunakutana kwa Mwalimu Njura, tunasomeana na kucheka mpaka mke wake anatutoa nje.

Dada, sijafurahi hivi tangu niache kuvaa sare ya shule. Miaka saba nimesahihisha insha za watoto wa watu kuhusu siku ya michezo. Sasa natunga kwa furaha yangu mwenyewe. Leo asubuhi nimemwua mkaguzi wa shule kwa mfupa wa samaki na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nakutumia mitatu ya kwanza. Isome ukipumzika, kama huwa unapumzika.

Mdogo wako,
Kiende

Kanyakine, 9 Agosti 1985

Mdogo wangu Kiende,

Pokea salamu zetu. Tuko salama, Mungu ametuchunga. Kanana ameng'oka jino la mbele na sasa hataki kucheka kanisani. Mafua yako yachemshie limau, usingoje kuambiwa kama mtoto.

Michezo nimeisoma. Huyo mama mkwe anayeficha sukari kwenye kibuyu ni mama mkwe wangu, na usiniambie si yeye. Nilicheka nikaunguza maharagwe. Lakini nakuuliza kama dada yako: mwanamke wa miaka thelathini na moja, hana mume, hana mtoto, anaua watu kwa mifupa ya samaki kwenye karatasi. Hiyo ndiyo likizo? Mimi ninaye Baba Kanana. Kule Kiambere kwenye bwawa wamemwomba asije nyumbani mwisho wa mwezi uliopita, wala ule wa kabla yake, kwa sababu hawana fundi wa mawe mwingine wa kumwamini. Shati lake la Jumapili nimelipiga pasi, linamngoja. Wewe unampigia nani pasi?

Usinune. Ulimi wangu unaujua. Hiyo tabia ya kutunga umeirithi kwa Mama. Unakumbuka kaka yetu Kiogora alipofia machimboni? Mama hakutamka kwamba amekufa. Alikaa akichambua maharagwe yake meusi ya njahi, akatuhadithia nyumba moja ya Kangeta ambako kijana alipanda mti wa miraa na tawi likakatika. Alihadithia polepole mpaka mimi nikaelewa, nikaanza kulia. Wewe ulikuwa mdogo, ulicheka, ukamwambia aongeze nyingine. Kwetu habari mbaya haijawahi kusemwa kwa njia nyingine, daima ilikuwa ya nyumba ya mtu mwingine.

Leta mingine. Jioni zimekuwa ndefu.

Dada yako,
Karwirwa

Embu, 13 Agosti 1985

Dada mpendwa,

Natumaini hujambo na ulimi wako nao haujambo, maana ndio uliotangulia kufika hapa. Limau nimechemsha. Mafua yamekataa.

Nilitaka kununa lakini sina nafasi, nina mchezo wa kila siku. Wa kumi na moja umewaua watu kwa kicheko. Mwalimu Njura alianguka na kiti chake. Unaitwa Kazi ya Ziada. Onja kidogo:

FUNDI: (anapangusa saruji mikononi) Mke wangu wa kule mlimani anaamini bwawa haliwezi kusimama bila mimi.
MWANAMKE: Na si kweli?
FUNDI: Haliwezi. Mimi ndiye ninayelizuia na mgongo. Nipe uji.
MWANAMKE: Mwisho wa mwezi utakwenda kwake?
FUNDI: Nitamwandikia kwamba ukuta umepinda.
MWANAMKE: Umepinda kweli?
FUNDI: (anamshika kiuno) Umepinda kuelekea huku.

Mzima nimeutia ndani ya bahasha. Soma kwa sauti, uigize na fundi mwenyewe, utaona raha yake.

Mdogo wako asiye na wa kumpigia pasi,
Kiende

Kanyakine, 17 Agosti 1985

Mdogo wangu,

Salamu. Hatujambo.

Mchezo wa kumi na moja nimeusoma mara nne. Nijibu haraka. Huyo mwanamke anaitwa nani? Uji anauzia wapi hasa, ndani ya kambi ya wafanyakazi au nje? Wana mtoto? Usizunguke sana.

Dada yako,
Karwirwa

Embu, 20 Agosti 1985

Dada yangu, hadhira yangu,

Heri ya afya kwako na kwa Kanana. Mimi nimepona mafua, nafikiri ni kwa sababu ya barua yako. Hao walimu wenzangu hucheka, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mhusika wangu anaitwa nani!

Basi sikiliza. Anaitwa Lydiah, Mmbeere wa kulekule bwawani. Anauzia nje, langoni pa kambi, upande wa kushoto ukitokea barabarani. Hufunga kitambaa cha bluu kichwani na husukuma sufuria kwa goti anapotaka kumhudumia fundi kwanza. Na mtoto wanaye, msichana wa mwaka mmoja hivi, mgongoni. Masikio ni ya baba yake kabisa, hakuna haja ya kuuliza. Katika mchezo wa kumi na nane fundi anamnunulia Lydiah kabati lenye vioo. Yule wa mlimani ana kabati lisilo na vioo, unaona uchungu wake?

Nikiamka asubuhi wahusika wananingoja kitandani. Niulize mengine.

Mdogo wako,
Kiende

Kanyakine, 24 Agosti 1985

Mdogo wangu,

Sisi wazima.

Nimekuelewa. Umesema kama Mama alivyokuwa akisema, na nakushukuru kwa kunihurumia. Kanana nitampeleka kwa nyanya yake. Jumanne nitakwenda Kiambere.

Dada yako,
Karwirwa

Kanyakine, 12 Septemba 1985

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Afya yangu usiiulize.

Nilingoja barua yako, haikuja, kwa hiyo nakuandikia mimi. Jumanne ile nilifika Kiambere saa sita mchana. Pale langoni kuna wauza uji wanne. Watatu walikuwa na vitambaa vyeupe na mmoja wa bluu, upande wa kushoto ukitokea barabarani. Mgongoni ana mtoto wa kike. Nilimwita, "Lydiah!" Hakugeuka. Nikasema moyoni, huyu anajifanya. Nikayatazama masikio ya mtoto nikayaona ni ya Baba Kanana. Masikio ya mtoto mchanga ni masikio tu, Kiende, lakini siku hiyo niliyaona.

Sikumuuliza neno. Nilishika sufuria kwa khanga yangu nikammwagia.

Mtoto hakuguswa, Mungu alimgeuza. Mama yake ameungua uso na shingo, na jicho la kushoto wamesema halitaona tena. Jina lake ni Wambeti. Ni mjane. Baba Kanana alikuja mbio na mwiko wake wa saruji mkononi, akaniuliza, "Mama Kanana, ni nini umefanya?" Nikamwambia amuulize kipenzi chake. Akamtazama yule mama akigaagaa chini, akasema hamjui, huwa anakunywa uji kwa yule mzee wa ng'ambo ya pili.

Nimekaa kituo cha polisi siku tano. Kesi ni mwezi ujao. Baba Kanana wamemfukuza kazi siku hiyohiyo. Alipofika nyumbani hakunipigia kelele. Alichukua shati la Jumapili, akamchukua Kanana kwa mkono, akasema, "Ungeniuliza ningekujibu." Wako kwa mama yake. Nikienda, Kanana anajificha nyuma ya nyanya yake, ameambiwa mama yake huchoma watu.

Anaapa hajawahi kuwa na mwanamke. Mimi bado nakuamini wewe. Niambie ni nani aliyekupa habari, uliona mwenyewe au ulisikia? Ikiwa ilikuwa kweli, hata kama ni mwanamke mwingine, hata kama nilikosea sufuria, jela nitaiweza. Nijibu hilo moja tu.

Dada yako,
Karwirwa

Embu, 19 Septemba 1985

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Sijala vizuri tangu barua yako ifike, lakini hilo si la kukwambia wewe.

Nilifikiri kukudanganya. Niliandika barua nzima nikisema nilisikia kwa dereva wa lori la saruji, na ilikuwa nzuri, ungeiamini. Nimeichana kwa sababu Baba Kanana angekuwa mtu mchafu maisha yake yote kwa ajili ya kalamu yangu.

Hakuna aliyeniambia kitu. Sijawahi kufika Kiambere. Nilimtunga. Langoni pa kambi yoyote kuna muuza uji, na kitambaa nilikitia rangi ya bluu kwa sababu wino wangu ni wa bluu. Fundi nilimfanya mume wako kwa sababu ya shati lile. Uliniuliza nampigia nani pasi, nikataka kwa siku moja tu uwe na mume mbaya, hata kama ni wa karatasi.

Kuna baya zaidi, na nikilificha nitakuwa nimekutungia tena. Barua yako ya tarehe ishirini na nne niliipata Jumatatu asubuhi. Uliposema nimesema kama Mama, nilielewa. Nilikumbuka njahi, nilikumbuka mti wa miraa wa Kangeta. Basi la kwenda Meru lilikuwa bado stendi, ningekukuta nyumbani. Lakini nilikuwa na mchezo wa ishirini na sita wa kuandika, na kichwani nilikuwa nimeshaanza: mke wa mlimani anafunga safari kwenda bwawani. Niliona nikimaliza ukurasa nitakimbia. Mchezo ulinikolea. Nilipoinua kichwa basi lilikuwa limeondoka, na nikajiambia dada yangu si mjinga, atamuuliza mume wake kwanza.

Katika mchezo wangu nilikufanya umwage uji chini. Watu walicheka.

Nakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, nitafika saa nane. Nitaleta karatasi zote thelathini na moja, tuzichome jikoni kwako. Nitaongea na Baba Kanana kwa kinywa changu. Nitasimama kortini niseme ni mimi. Nifungulie tu mlango.

Mdogo wako,
Kiende

Kanyakine, 28 Septemba 1985
(chini ya jiwe, kizingitini)

Kiende,

Natumaini karatasi hii imekukuta mzima, na miguu haikuumi kwa kupanda kilima na mzigo wa karatasi.

Nami nimejaribu. Kwa mtu aliyeacha shule darasa la sita si vibaya. Soma kwa sauti, utaona raha yake.

MCHEZO WA THELATHINI NA MBILI

Wahusika: Mgeni. Mwenye Nyumba.
Mahali: mlangoni. Mchana, saa nane.

MGENI: Hodi!
(Mlango umefungwa. Mgeni anaona karatasi chini ya jiwe. Anasoma.)
MGENI: Dada, najua uko ndani.
(Yuko ndani. Amekaa kwenye kigoda, anamwona mgeni kupitia ufa wa dirisha. Anachambua njahi.)
MGENI: Dada, nisamehe!
(Mwenye Nyumba anasikia. Anaendelea kuchambua.)
(Mgeni analia. Akitaka anaweza kulia mpaka saa kumi, ambapo basi la kurudi Embu hupita pale barabarani. Halafu hakuna lingine.)

Hakuna kurudi nyuma kufuta. Siku ya kesi nitasema ni mimi niliyemwaga, maana ni mimi, na wewe usije, kwa sababu sitaki Wambeti aketi pale na bendeji yake akisikiliza unavyojua kusimulia. Karatasi zako ondoka nazo. Wahusika wakikungoja kitandani asubuhi, naye Wambeti awe mmoja wao.

Nimeutunga huu kwa furaha yangu mwenyewe.

Karwirwa