Chege Alipopinga Kanuni Yake Mwenyewe

Jumapili, mtaani kwetu Kaptembwo. Upepo wa mlima Menengai umeshinda ukipuliza mpaka chai yangu ina mchanga, lakini roho yangu inang'aa kama sahani ya hoteli.

Leo nimelipiza kisasi.

Shule niliachia kidato cha pili, sifichi. Lakini nimeosha vyombo Hamburg, Malmö na Doha, na ukiosha sahani za watu unaijua serikali yao kuliko profesa. Mjerumani anatunzwa kwa sababu mshahara wake umekatwa. Mswidi anatunzwa kwa sababu anaishi hapo, basi, awe tajiri awe maskini. Doha mwenyeji anabebwa kama yai, na mimi niliyemkaangia hilo yai nikiugua natafutiwa ndege ya kurudi kwetu.

Na sisi? Serikali tunayo, lakini siku ya msiba haiji na sufuria. Inayokuja ni welfea ya mtaa, chama chetu cha kuzikana: hema, viti, akina mama wa kupika, vijana wa kubeba jeneza. Welfea yetu inaangalia uso. Usipoonekana kwa matanga ya wenzako, kwako hawaji. Kanuni hiyo aliitunga Chege, akiwa mwenyekiti.

Mama yangu alifariki nikiwa Malmö. Mchango wangu nilikuwa natuma kila mwezi. Nikampigia Chege kumwomba hema.

"Pesa yako haijawahi kubeba jeneza la mtu," akaniambia, akakata simu.

Mama alizikwa kwa mvua. Dada zangu walipika ugali na maji yakiingia kwa sufuria, wazee wa kanisa wamejifunika magunia. Niliona yote kwa video, nimesimama kwa sinki ya watu.

Niliapa.

Niliporudi nikakuta Chege amehamia shambani Ndabibi kulima viazi, na tangu aende hajazika mtu huku. Juzi mama yake akafariki, hapa hapa mtaani. Leo kwa mkutano ameketi na koti lake jeusi, na kanuni yake mwenyewe inamnyima kila kitu. Watu wote wakanigeukia. Mama Shiro, katibu wetu, akanikanyaga mguu, akaniita kwa jina walilonipa tangu nirudi ng'ambo: "Simama, Mzungu. Siku yako ndiyo hii."

Nikasimama. Sikuharakisha.

"Chege, tangu uende Ndabibi umemzika nani hapa?"

"Hakuna."

"Sauti, boss. Wa nyuma hawasikii."

"Hakuna mtu!"

Hilo jibu nililila kama nyama choma.

Ningeketi hapo, mambo yangekwisha. Lakini kumnyima mtu hema ni kisasi cha mtoto, na huyo mathe wake aliyelala mochari hakunikosea. Nikasema tufute kanuni. Kuanzia leo, ukiishi huu mtaa au mzazi wako akiishi hapa, unazikiwa, uso wako tuwe tunaujua au hatuujui. Nikawaambia ni mambo ya Uswidi, wakacheka. Mikono ikaanza kupanda, nikaizuia.

"Shusheni. Chege kwanza."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Mama Shiro ameshika kalamu, anangoja.

Mkono wa Chege ukapanda pole pole, ukipinga maneno yake mwenyewe mbele ya mtaa mzima. Halafu akalia. Mimi, mtu mkubwa nimetembea dunia, nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Nilidhani itakuwa tamu kuliko hivi.

Usifikirie nimemsamehe. Sijamsamehe. Kesho naamka mapema kulifunga hilo hema mimi mwenyewe, kamba kwa kamba, na mashimo yote nimeshayashona. Hata mawingu yapasuke, halitavuja tone.

Nataka Chege akae chini yake, mkavu, mvua ikipiga juu, na asikie vile mama yangu alinyeshewa.