Mjomba na Upepo wa Miwa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako anakusalimu, mguu wake umepona.

Unauliza kwa nini shujaa wa tanzia, ule mchezo unaoishia kwa msiba, huwa si mtu mbaya. Hapa Ruaha, mjomba wangu ndiye aliyeongoza kuchoma miwa kabla ya kukatwa ili majani makavu yaishe, maana aliujua upepo kuliko wote. Siku moja nilimpigia kelele, "Mjomba, upepo unageuka, toka!"

"Wewe ndiye wa kunifundisha upepo?" Akacheka, akaingia kuwasha kona ya mwisho.

Moto ulipomzunguka alitutazama sisi wakataji, na usoni mwake nikaona ameelewa. Hakutoka hai.

Ujuzi uleule uliotulinda ndio uliomziba masikio. Nasikia chuoni wanasema wewe hukosei. Nilifurahi, kisha nikaogopa.

Babu yako