Mbwa Niliyekuachia

Shambani, kusini mwa Namibia
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Umeanza kukanyaga chini au bado unashikwa mkono? Na usinijibu "sijambo" kama unavyonijibu kila mara, maana hiyo sijambo yako naijua, ulikuwa nayo hata siku tunamzika baba. Mimi kwa mwili ni mzima. Kula nakula, kulala nalala, ila moyo haujatulia tangu kaka Wilibrodi aliponipigia kuniambia umeanguka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Wilibrodi huweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza, na mimi naishia kuuliza habari za ng'ombe. Barua hii nampa dereva wa lori, mtu wa Kahe, anayerudi nyumbani wiki hii. Vaa miwani yako uisome mwenyewe, polepole.

Huku mvua imegoma. Ardhi ina rangi ya kutu, na inaweza kupita siku nzima sijaona jani bichi hata moja. Wiki iliyopita tulizika mbuzi tena. Kuzika mbuzi ni kazi ya kijinga, unachimba jasho likikutoka halafu kesho unachimba tena. Jioni nikishanawa huwa nakaa tu nje ya chumba changu, sina hamu ya kuongea na mtu.

Nikueleze kuhusu mbwa wa huku, maana ndipo penye habari yangu yote. Ni wakubwa kama ndama. Mtoto wa mbwa akiacha tu kunyonya, anapelekwa zizini kukaa na mbuzi. Anakula humo, analala humo, ananuka mbuzi. Akishakua anaona mbuzi ndio ndugu zake, na chui akija, anapigana naye. Mwaka wangu wa kwanza bosi aliniambia kwamba mbwa hajui mali ni nini, yeye anawalinda watu wa kwao, na kazi yetu ni kumwonyesha watu wa kwao ni akina nani. Jambo hilo nililijua kabla sijaja likizo ya Krismasi, mama. Ndiyo maana najikasirikia.

Unakumbuka nilivyokukuta. Wezi walikuwa wamemchukua yule mtamba, na Popo, mbwa wetu wa siku zote, wakamtupia nyama yenye sumu. Ulinionyesha ulipomfukia kati ya migomba, ukacheka kidogo, ukasema alikuwa mzee hata hivyo. Lakini niliona panga kando ya kitanda chako. Hukulalamika. Aliyesema ni Wilibrodi, siku ya pili ya Krismasi, mbele ya wajomba, mbege ikiwa mkononi.

"Anselmi, wewe ndiye kitinda mimba. Kwa mila zetu nyumba ya baba ni ya kwako, na mama ni wa kwako. Mimi nina kwangu. Unarudi lini?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Nitamletea mbwa. Mbwa wa uhakika." Mjomba mmoja akagonga meza akasema hilo ni wazo la mtu aliyetembea. Nikajiona nimejibu.

Hujui jinsi nilivyomchagua, maana niliporudi naye nilijisifu tu. Nilienda Rau, kwa mzee mmoja anayefuga mbwa wa mbegu nyuma ya ukuta mrefu. Alinitolea watatu. Wa kwanza alikuwa wa Kijerumani, masikio juu, mwerevu sana, lakini hakutulia hata dakika moja, nikaona atakuchosha. Wa pili alikuwa rotwaila, mweusi, aliniangalia kama mtu ninayemdai. Wa tatu alikuwa huyu Jenerali wetu, mbwa wa Makaburu, kichwa kipana, rangi ya asali, mkubwa kuliko wote. Nilipokaa kwenye kigoda alikuja taratibu akaweka kichwa chake juu ya kiatu changu, akashusha pumzi. Mke wa yule mzee akaniambia, "Huyo ni rafiki wa wazee. Alikuwa anashinda na mama mkwe wangu mpaka alipofariki." Basi hapo nikakata shauri. Nikasema atakulinda na atakusikiliza.

Yule mzee hakuwa na haraka ya kuniuzia. Aliniuliza, "Huyu amezaliwa ndani ya ukuta. Hapa mgeni anagonga geti, mwenye nyumba anamfungulia, mbwa anaelewa kwamba karuhusiwa. Kwenu Rombo ukuta uko wapi?"

"Tuna ua wa masale," nikamwambia.

"Masale hata kuku anapita! Sikiliza, kijana. Mfunge kamba, umpitishe kwa majirani wote, kila siku, mwezi mzima. Kila mmoja ampe chakula kwa mkono wake. Awajue. Na uwepo wewe mwenyewe."

Nikaitikia sawa, mzee. Nilikuwa nimebakiza siku sita za likizo. Mbili nilijenga banda. Zilizobaki nilikunywa mbege, nilienda kipaimara cha binti wa Wilibrodi, nililala. Sikumpitisha Jenerali kwa mtu hata mmoja. Mbaya zaidi, kwa sababu ya ile sumu ya Popo, niliamuru mtu yeyote asimpe chakula isipokuwa wewe. Mama Epifania, jirani yako wa miaka yote, alipokuja na mabaki ya kiburu kwenye bakuli kumkaribisha mbwa, nilimzuia pale pale kwenye migomba. Nikamwambia, "Mama, huyu si mbwa wa mabaki." Akaliangalia bakuli lake, akasema, "Haya baba, kumbe ni wa Ulaya," akarudi alikotoka. Wewe ulinitazama tu. Ungenikaripia siku ile ningekushukuru leo.

Nilisahau kwamba kihamba chetu, nyumba na migomba yake, ni njia ya watu. Huyu anakatiza kwenda mferejini, yule anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, mwingine hana shida yoyote, amepita akusalimie na kukuambia nani kajifungua. Hao ndio waliokuwa wanajua kama umeamka. Mimi nikamwekea mbwa mtu mmoja tu wa kumpenda, kisha nikapanda basi.

Ya jumuiya sikuyasikia kwako. Shemeji, mke wa Wilibrodi, ndiye aliyeniambia. Kwamba zamu ya sala ilipofika nyumbani kwako, ulifagia uwanja tangu alfajiri, ukapanga mabenchi, ukatandika kitambaa cheupe mezani, ukabandika sufuria kubwa la chai. Jenerali ulikuwa umemfungia na komeo umepiga. Lakini nani angeliamini komeo lile, wakati wiki moja kabla alikuwa amelivunja akamkimbiza mnunuzi wa maziwa mpaka akatumbukia mferejini? Wanajumuiya wakakuruka. Sala wakaifanyia nyumba inayofuata. Shemeji anasema uliwasikia wakiimba upande wa pili wa migomba, ukakaa kwenye benchi peke yako ukaimba nao. Mama, nimeyaona mengi huku ugenini, lakini hilo lilinitoa machozi mbele ya watu, shambani, mchana kweupe.

Halafu ukaanguka. Uliteleza kwenye tope la zizi asubuhi, ukapoteza fahamu. Mama Epifania akasikia mbwa anabweka kwa namna isiyo ya kawaida, akaja. Na wengine wakaja. Wote wakasimama kwenye masale, wanakuona umelala pale, na Jenerali amekaa kando ya kichwa chako haruhusu mtu kusogea. Wakamrushia chakula, hakukigusa. Mimi ndiye niliyezuia asizoee chakula cha mtu mwingine. Mama Epifania akasema haiwezekani, akaingia, mbwa akamng'ata mkono. Wakampigia Wilibrodi aliyekuwa sokoni Mkuu, akafika jua liko utosini, na ni kwa sababu wewe ulizinduka ukamshika mbwa ukanda wa shingoni ndipo akatupiwa kamba. Daktari kasema ungepona upesi zaidi kama ungefikishwa mapema. Hilo pia Wilibrodi alinisomea bila kunihurumia, na sikumlaumu.

Aliniambia pia kwamba alipeleka jani la isale kwa Mama Epifania kumwomba radhi kwa niaba yangu. Alilipokea kwa heshima. Kisha akamwambia, "Hili ni la kwako, Wilibrodi. La Anselmi nitalisubiri."

Sasa wote mnanisubiri mimi. Mwenyekiti wa kitongoji ametoa muda hadi mwisho wa mwezi, mbwa aondoke, la sivyo vijana watamshughulikia wenyewe. Wilibrodi anataka aondoke leo. Wewe umekataa hata kwenda kuuguzwa kwa Wilibrodi kwa sababu kule mbwa hatakiwi, ukamtuma shemeji aniambie, "Asiondoke. Watu wameacha kuja, naye mkimchukua nitaongea na nani?" Nimelifikiria hilo neno lako wiki mbili. Huyo mbwa ndiye aliyekufukuzia watu, na sasa ndiye mtu uliyebaki naye. Mimi ndiye niliyeyafanya yote mawili.

Neno langu ni hili, mama. Jenerali aondoke. Nimeongea na yule mzee wa Rau, atampokea, na mkewe amefurahi. Hatapigwa wala hatapewa sumu. Alifanya kila nilichomwambia na hakukosea hata kimoja. Lakini mkono wa Mama Epifania hauwezi kurudi nyumbani kwako mbwa akiwepo, na ukianguka tena, yatakayotokea naogopa hata kuyaandika.

Siku Wilibrodi atakapokuja na gari la kukodi, usimwite Jenerali wewe. Usimshike wewe ili wamfunge. Kaa ndani na shemeji, mpige soga. Acha akasirikie mikono ya Wilibrodi, si yako. Blanketi lake la bandani mpe aende nalo. Na wakishaondoka, banda livunjwe siku hiyo hiyo, watu waone. Watarudi taratibu, wengine kwa aibu. Akipiga mtu hodi, itikia kwa sauti ya juu hata kama nyonga inauma.

Nisalimie kaka Wilibrodi, mwambie maneno yake makali nimeyapokea yote. Shemeji mshukuru kwa kukuogesha na kukupikia mtori, kazi ambayo haikuwa yake. Shangazi anayeuza ndizi soko la Mkuu mwambie nimesikia anaumwa meno, pole. Katekista wetu mwombe awarudishe jumuiya kwako, zamu iliyorukwa ilipwe. Mama Epifania usimwambie kwamba nakuja kumletea isale.

Na hilo nikueleze, ndiyo sababu sikutaka barua hii isomwe na mtu mwingine. Hii ni ya tatu. Katika ya kwanza niliandika kwamba nimeomba ruhusa na narudi mwezi ujao kukaa na wewe moja kwa moja. Ilikuwa barua nzuri sana. Katika ya pili nikasogeza mpaka Pasaka. Zote nimezichoma, kwa sababu sijaomba ruhusa yoyote. Bosi wetu si mtu mbaya, nikimwomba atanipa. Siombi kwa kuogopa kwamba atanipa.

Ni mimi mwanao,
Anselmi