Gurudumu la Kigwa

Jumamosi, 14 Machi 1936
Mfereji umeziba tena. Majani na vijiti. Nimezibua, nikarudi kwenye mawe ya kusagia. Debe la tano leo, mtama wa jirani yangu Mama Kulwa. Kausifu unga mwenyewe. Mvua kutwa. Nikifumba macho niko Rungwe, milimani kwetu: maji, gurudumu, baba anakohoa unga. Nikifumbua niko Kigwa, nchi tambarare mpaka inachosha.

Mke wangu, Mama Tusekile, aligoma kunifuata huku. Kakulia kwenye kinu cha maji, kusaga kwa mkono hataki hata kusikia. Alisema nijenge kinu cha maji kwanza. Haya, nimejenga. Leo nimemwandikia aje.

Jumanne, 24 Machi
Mama Kulwa kaniambia mto huu ni wa masika tu, mwezi wa tano unaondoka. Nimecheka. Wanyamwezi kwa utani hawajambo. Nikamjibu kwetu nako milima huenda kutembea. Mto uondoke uende wapi?

Jumatano, 29 Aprili
Siku kumi bila mvua. Gurudumu linazunguka kivivu. Nimechimba mfereji zaidi, mgongo hauna hali.

Barua imekuja. Mama Tusekile na mtoto wanajiandaa. Lori hadi Itigi, kisha treni. Nimeisoma mara nne. Nimechoka kula peke yangu.

Alhamisi, 14 Mei
Limesimama.

Mchanga mtupu. Mama Kulwa kapita na mtungi, anafukua maji mle mle mtoni. Afadhali angenicheka. Haukuwa utani. Mimi mzima, mtoto wa mwenye kinu, sijui mto.

Jumapili, 17 Mei
Kanisani sikusikia neno. Nikinyamaza, atakuja. Nikisema, hatakuja, na sitamlaumu. Siku tatu natembea na karatasi tupu mfukoni.

Jioni nimeandika: mto umekauka, kinu hakisagi, usije. Nimeipeleka stesheni mwenyewe. Nikaomba Mungu isimkute. Kisha nikaona aibu kwa ombi hilo.

Ijumaa, 12 Juni
Wamefika. Nilisikia kwa watu kwamba kuna mama na mtoto wameshuka stesheni, nikakimbia. Tusekile kanisahau, kajificha nyuma ya mama yake. Imeniuma.

Niliwapitisha njia ndefu makusudi, tusiuone mto. Mama Tusekile akataka kuona kinu kwanza. Akasimama kwenye mchanga, akalisukuma gurudumu kwa kiganja. Likazunguka kidogo. Nikaanza kujieleza. Akasema nimelichonga vizuri. Basi.

Jumamosi, 13 Juni
Nimeamshwa na mlio wa jiwe juu ya jiwe. Mama Tusekile kapiga magoti uani, anasaga uwele kwa jiwe la kuazima kwa Mama Kulwa. Unga wa chenga. Vidole vimeanza kuchubuka.

Nimemwuliza kama aliipata barua yangu ya pili.

“Ilinikuta nyumbani,” akasema, bila kuinua uso. Akaongeza uwele, akaendelea kusaga.

Nimekaa karibu naye mpaka alipomaliza.